Kilatini cha Baba Mdogo Cosmas

Lanham, Maryland
18 Aprili 2004

Baba Mdogo,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama Benadetha, na salamu kwa mdogo wangu Tito kama amerudi likizo kutoka Mwanza. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuinua wazee wa watu kitandani asubuhi hadi jioni. Baridi imeanza kutuachia. Miti iliyo nje ya jengo letu imetoa maua meupe yasiyozaa tunda lolote. Ungeiona ungenitajia jina lake la kitaalamu na la ukoo wake mzima.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili sijamwandikia mtu mwingine.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa ya Kiswahili, tulikuwa ukumbini tunakunywa chai. Akaingia dada mmoja chotara, mdogo kwangu kwa miaka michache, ana picha mkononi. Akapita meza kwa meza akiuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu wa Bukoba. Jepkosgei, Mkenya ninayefanya naye kazi, akaniita kwa sauti: "Honorata, kuja uone, kuna mtu anasearch watu wa kwenu!" Nikaitazama ile picha. Kijana amevaa suruali ya bugaluu, amesimama kwenye theluji, kichwa kimeinamia kushoto kama unavyoinamisha wewe ukipigwa picha. Nyuma kumeandikwa: Cosmas, Brașov, 1977.

Anaitwa Irina. Alizaliwa Romania mwaka 1978, akaja Marekani miaka mitano iliyopita kwa bahati nasibu ya viza. Anasema Cosmas wa kwenye picha, aliyesomea misitu, ni baba yake.

Hataki shamba wala nyumba. Anataka jina. Tarehe 6 Oktoba ana usaili wa uraia, na siku hiyo mtu huulizwa kama anataka kubadili jina. Hapo alipo anatumia jina la upande wa mama yake tu. Amesikia kwamba kwetu mtoto hupewa jina na baba, akasema jina la kujiokotea halitaki. Aliyemzaa ampe kwa hiari yake, au aseme hampi.

Tangu baba yangu afariki, baba ni wewe. Kwa hiyo nakuuliza swali la ndiyo au hapana. Ni mwanao?

Mwanao mtiifu,
Honorata


Kanyigo
16 Mei 2004

Mwanangu Honorata,

Marahaba. Barua yako ilinifikia baada ya wiki tatu na ushei. Sisi hapa hatujambo. Kahawa imechanua vizuri, lakini migomba ya upande wa bondeni inaliwa na fukusi. Magoti ya Mama Benadetha yanamsumbua akikaa sana. Tito amefaulu mitihani yote isipokuwa hesabu, na anadai mwalimu hampendi.

Nimefurahi kusikia huko kuna Waromania. Watu wengi hawajui kwamba lugha yao ni mjukuu wa Kilatini. Mimi nilifika kule na Kilatini changu cha seminari kichwani, na mwezi wa kwanza tu nikasikia akina mama sokoni wakisema maneno ambayo sisi tulichapwa viboko kwa ajili yake, ila yamebadili nguo. Maziwa kwa Kilatini ni lactem, wao husema lapte. Usiku ni noctem, wao noapte. Nane ni octo, wao opt. Umeona? Palipokuwa na sauti ya c ikifuatwa na t, wao waliweka p. Hawakubahatisha. Ni sheria, sawa na sisi kwa lugha yetu ya Bukoba tunavyosema eliisho na eliino, na watu wa pwani wakasema jicho na jino.

Endelea. Maji, aqua, kwao ni apă. L iliyo peke yake katikati ya irabu hugeuka r: jua, solem, ni soare, chumvi, salem, ni sare. Lakini l zikiwa mbili hushikana na kubaki l: njia, callem, ni cale. Jambo hili lilinishangaza sana nilipokuwa kijana. Nilijaza daftari zima, na daftari hilo ninalo mpaka leo.

Nakurudishia barua yako. Nimesahihisha kwa wino mwekundu koma nne na pale ulipoandika "hapo alipo" badala ya "kwa sasa". Usiache sala.

Baba yako mdogo,
Cosmas


Lanham
13 Juni 2004

Baba Mdogo,

Shikamoo. Ahsante kwa habari za fukusi. Huku joto limeanza, na kiyoyozi cha chumbani kwangu kinanguruma tu bila kupooza chochote. Jepkosgei amepata mchumba, fundi wa umeme anayeitwa Gitau, na kazini hatupumui kwa stori zake. Mwambie Mama Benadetha akande magoti kwa maji ya moto.

Nimeipata barua yangu niliyokutumia mimi mwenyewe. Imesafiri kwenda Bukoba na kurudi Maryland kusudi niambiwe habari za koma! Baba Mdogo, nina miaka thelathini na moja. Nimekuandikia kwamba ameonekana mtu anayesema ni damu yako, wewe ukachukua kalamu nyekundu. Nilikasirika hadi nikaitupa kwenye kapu la taka, kisha nikaiokota.

Nilikupigia simu siku ya Alhamisi. Ulipolisikia jina la Irina ukasema mtandao unakatika, nikasikia unampa Mama Benadetha simu, na yeye namsikia kama yuko jikoni kwangu. Tukaongea habari za magoti dakika kumi na mbili. Nilielewa kwamba yeye hajui lolote, nikanyamaza. Lakini usinifanye niwe mwongo kwa mama aliyenilea.

Orodha yako ya maneno nilimsomea Irina. Lapte, noapte, opt, zote alizitambua, akacheka, akasema unaandika vizuri kuliko mwalimu wake wa shule. Halafu akauliza: "And me? What did he say about me?" Nikamwambia nasubiri ukurasa wa pili. Hakuna ukurasa wa pili, Baba Mdogo. Nimesema uongo kwa ajili yako na mimi si mtoto wa kutumwa uongo.

Oktoba si mbali. Niambie ndiyo au hapana. Neno moja linanitosha, hata kwa hicho Kiromania chako.

Honorata


Kanyigo
11 Julai 2004

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa ushauri wa maji ya moto. Sisi tunaendelea. Kiangazi kimekuwa kikali na ng'ombe wa jirani, mzee Simiyu, ameingia kwenye shamba langu la mahindi mara mbili. Nimemwambia mara ya tatu nitamla.

Unaniandikia kwa ukali. Sisemi huna haki, lakini ukali haufundishi. Umetaka neno la Kiromania la kusema ndiyo. Wao husema da, na neno hilo hawakulirithi kwa Kilatini. Walilichukua kwa majirani zao Waslavi, kwa sababu Kilatini cha zamani hakikuwa na neno moja la kusema ndiyo. Kupenda nako ni hivyo hivyo, kumetoka kwa Waslavi. Mimi nililitafuta lile amo la seminari, yaani napenda, kila mahali, sikulipata.

Lakini angalia maneno yaliyobaki jinsi maana zake zilivyohama. Askari mstaafu wa Kirumi, veteranus, kwao amekuwa bătrân, yaani mzee yeyote. Sakafu, pavimentum, imekuwa pământ, ardhi yote tunayoikanyaga. Mergere ilikuwa kuzama, na wao a merge ni kwenda tu, kwenda popote. Roho, anima, kwao ni inimă, yaani moyo. Na lipo moja fupi, dor, lililotoka kwenye neno la maumivu. Maana yake ni kumtamani mtu aliye mbali. Mama yake alikuwa akilisema akichota maji, bila kumlenga mtu, kama wengine wanavyopumua kwa nguvu.

Nakuomba barua zijazo uzitume kwa sanduku la parokia, si la kwangu. Macho ya Benadetha bado mazuri kuliko magoti yake.

Safari hii sikusahihisha kitu.

Cosmas


Lanham
8 Agosti 2004

Baba Mdogo,

Shikamoo. Wote wazima. Leo habari za nyumbani zinatosha hapo.

"Mama yake." Umeandika mwenyewe, mstari wa tatu kutoka mwisho wa aya, na wala hujakata. Mama yake nani? Mimi sikutaja mama wa mtu yeyote akichota maji. Nilipoisoma nilikuwa kwenye basi natoka kazini, nikapiga ukelele, mama mmoja wa Kikongo aliyekaa mbele akadhani nimefiwa, akageuka akaniuliza: "Maman, kuna nini? Ni décès?" Nikamwambia hapana, ni baba yangu mdogo amejikwaa.

Sasa nikueleze ambayo wewe hukuuliza. Mama yake Irina aliitwa Viorica. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Alifariki mwaka 1996. Kabla hajafa alimwambia bintiye kwamba alikuandikia barua tisa na hakuna iliyorudi, kwa hiyo alijua zilifika. Irina ananisimulia haya bila hasira, na hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi. Nimebaki mimi kukasirika kwa niaba ya watu wawili, mmoja wao marehemu.

Nimezisoma barua zako mara nyingi, mwalimu, na nimejifunza. Umenifundisha kwamba sheria ya sauti haina upendeleo. Sauti ikiwa mahali pale pale, na majirani wale wale, inabadilika vile vile, iwe kwenye neno la maziwa au la usiku. Haisemi huyu namtaka, yule simtaki. Basi nieleze kwa sheria hiyo hiyo. Tito ni mtoto wa Cosmas, akatolewa nje siku yake, akapewa jina, ukoo ukanywa pombe ya rubisi. Irina ni mtoto wa Cosmas. Sheria yako imeishia wapi?

Kilatini nomen, Kiromania nume. Nilimuuliza Irina nikaandika mwenyewe. Jina. Nimebakiza kukuomba hilo tu na sitaomba tena. Jepkosgei anasema: "Ambia huyo uncle aache story mingi, form haingojangi mtu." Amesema kweli. Barua zinachukua wiki tatu. Ukichelewa kuposti hadi katikati ya Septemba, umeshajibu hapana.

Kama ni hapana, iandike. Usinitumie mti wala neno la Kirumi. Nitampelekea mimi, na kuanzia hapo nitakuamkia shikamoo kwa sababu ya umri wako tu.

Honorata


Kanyigo
22 Septemba 2004

Binti yangu Honorata,

Barua hii anakuja nayo Respicius, dereva wa ubalozi wetu huko Marekani, aliyekuwa likizo kwao hapa jirani. Posta nisingeiwahi. Nimemwapisha asiiweke kwenye sanduku la nguo, aitie mfukoni.

Ndiyo. Ni mwanangu.

Nimeandika mstari huo mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sikufikiri ungekuwa mfupi hivyo. Nilirarua karatasi nne kabla yake, zote zikiwa na Kilatini.

Mambo yalikuwa hivi. Wakati ule mgeni kumwoa raia wa kule alihitaji kibali cha juu serikalini. Mimi na Viorica tuliomba, hatukujibiwa. Masomo yakaisha mwaka 1979, nikapewa tiketi. Nilimwambia nitafika nyumbani nipange mambo, kisha nimwite. Nilifika vita vya Kagera vimepita juu ya kijiji chetu. Nyumba ya baba imeezuliwa, ng'ombe hakuna, mama anaishi kwa watu ng'ambo ya mto. Wakaniambia wewe ndiye msomi, simamisha mji wa baba yako. Mchumba walikuwa wameshamposa, ni Benadetha. Nikajiambia nitaeleza mwezi ujao. Miezi ikawa miaka, na kila mwaka maelezo yalizidi kuwa magumu. Huo ndio ukweli wangu, hauna ushujaa wowote ndani yake. Barua tisa nilizipata zote, nikazisoma zote, sikujibu hata moja. Nilikuwa mwoga, Honorata. Mpaka sasa ni mwoga.

Uliniuliza sheria yangu imeishia wapi. Sauti inabadilika na hakuna wa kulaumiwa, kwa hiyo nilizipenda sauti. Nilikaa na daftari lile miaka ishirini na mitano nikisoma jinsi neno linavyoacha kwao likapona, na nilikuwa najificha humo. Wewe ndiye mwanafunzi wa kwanza kunikamata.

Nilimweleza Benadetha siku ya Ijumaa. Hakulia. Alichukua jembe akaenda kupalilia na magoti yake yale, akarudi jua limezama. Siku mbili nilijipikia mwenyewe. Ya tatu akaja akasimama mlangoni akaniuliza: "Huyo mtoto, ulimpa jina?" Nikasema nilimpa. Akasema: "Basi mwandikie. Mimi nitakununia baadaye." Na ananinunia kweli, lakini karatasi hii amenikatia yeye.

Ni kweli nilimpa, na hili hakuna anayelijua, hata Viorica hakulielewa. Siku ya kumtoa mtoto nje ilipofika tulikuwa kwenye chumba cha kupanga, nje theluji, hakuna mjomba wala shangazi. Nilimfunga kwenye koti langu, nikamtoa hadi kizingitini, nikamwita mara moja kwa jina la mama yangu, bibi yako. Kemilembe. Kisha nikamrudisha ndani asipate baridi. Jina hilo sikumpa mtoto mwingine, ingawa ukoo uliniuliza mara nyingi kwa nini nalibania.

Kwa hiyo mwambie sina jina jipya la kumpa. Analo.

Ile karatasi nyingine iliyokunjwa ni yake, nimeandika kwa Kiromania. Nina hakika ina makosa mengi.

Baba yako,
Cosmas


Lanham
13 Oktoba 2004

Baba Mdogo,

Shikamoo, na safari hii inatoka moyoni. Mwambie Mama Benadetha kwamba nampigia magoti, yaliyo mazima ya kwangu. Respicius alifika salama. Jumamosi ya tarehe 2 alikuja kutoka Oxon Hill na barua mfukoni, imejikunja na ina jasho lake, na hakukubali hata chai kabla sijaipokea kwa mikono miwili.

Na mimi nina la kukiri. Irina anaishi hapa kwangu tangu mwezi wa tano. Kodi ilimshinda kule alikokuwa, nikamwambia njoo. Sikukuandikia kwa sababu ungedhani ameninunua kwa machozi. Kwa hiyo barua zako zote, hata ile ya kwenye basi, zilisomwa kwenye meza hii hii, naye amekaa mbele yangu ananitazama mdomo.

Nilimpa karatasi yake. Akaenda nayo dirishani, akaisoma, akarudia, akarudia tena. Nikasubiri. Nikamuuliza umemwandikia nini, akatikisa kichwa. Mpaka leo hajaniambia na mimi ndiye niliyebeba jambo hili miezi sita! Jina peke yake ndilo aliloniuliza, jinsi ya kulitamka. Nikamfundisha. Siku nzima nilimsikia bafuni, jikoni, kwenye ngazi: Kemilembe, Kemilembe.

Jumatano ya tarehe 6 niliomba ruhusa kazini nikamsindikiza kwenye usaili. Nikakaa kwenye benchi la nje kwa muda wa saa mbili hivi. Akatoka anatabasamu, amefaulu maswali yote. Nikamuuliza, umeandika jina? Akasema hakuandika. Ofisa alimuuliza kama anataka kubadili jina, akajibu hapana.

Baba Mdogo, nilikasirika nikashindwa hata kutukana. Barua zote zile, Respicius kuapishwa, mama wa watu kuvunjika moyo akalima siku nzima, kisha mtu anaulizwa jina anasema hapana! Tulipofika kwenye maegesho nikazima gari la kuazima, nikamwambia nieleze au ushuke.

Akanieleza pole pole, Kiingereza na maneno machache ya Kiswahili aliyoyaokota kwangu. Alisema alitaka serikali imwandikie jina kwa sababu aliamini hana. Kumbe alikuwa nalo tangu ana siku chache, na aliyempa alimwita kwa mdomo, hakumwandikia mahali. "So he must call me," akasema. "Baba aniite. Once more. Basi."

Nikamwambia twende ndani tukupigie sasa hivi, kadi ya simu ninayo. Akakataa. Amenikataza kabisa kukupigia au kukutumia ujumbe kwa mtu. Anasema mama yake alitafuta mara tisa na yeye ametafuta mara moja, inatosha. Zamu hii upige wewe. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimempa Jepkosgei naye amgombeze kwa Kikenya. Hasikii. Ugumu huo wa kichwa hakuutoa Romania.

Kwa hiyo nakuandikia, maana barua hakunikataza. Namba yetu unayo. Siku ni Jumapili, saa tatu asubuhi ya huku, ambayo kwenu ni saa kumi jioni, kabla hatujaenda misa. Nimemweleza kwamba barua inachukua wiki tatu, na kwamba mimi nilikuwa bado sijaiandika. Jumapili iliyopita, saa tatu kasoro, alikuwa ameshavaa, amevuta kiti, amekaa karibu na simu.

Mwanao,
Honorata